Binti Yangu Alienda Baharini Akarudi Kabla ya Chakula cha Mchana

Kinyozi Bahari Hindi,
Mkabala na kinu cha posho,
Pioneer, Eldoret.

Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Mwalimu Mkuu, Madam Rael,
Shule ya Msingi ya Mto Mwembamba.

Mpendwa Madam,

KUH: SAFARI YA MLANGO WA MTO ILIYOFANYIKA NDANI YA DARASA

Natumai barua hii itakukuta ukiwa umeketi, kwa sababu ni ndefu na ina uchungu ndani yake. Kama umesimama, tafadhali tafuta kiti kwanza.

Mimi ni Ephantus Wanjohi, baba ya Ciku wa Gredi ya Sita, yule msichana wa mbele anayeinua mkono kabla swali halijaisha. Tabia hiyo aliitoa kwangu. Unanijua pia kwa kazi yangu. Ni mimi niliyekuja kunyoa wavulana wote wa shule bila malipo ule mwaka wa mabaka ya kichwa, na ukasema Mungu atanikumbuka. Bado namngoja, lakini si hilo lililonileta.

Kwa ufupi, mimi ni mtu ambaye ametembea. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kushindwa, ni vile niliona yaliyobaki ningeyapata njiani. Nikawa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la mahindi. Nimeona Nakuru mchana, Naivasha asubuhi, nimekula Salama, nimeoga Mtito Andei, na Mombasa yenyewe usiniulize, naijua. Hapa Pioneer watu wengi bahari wameiona kwa kalenda. Ndiyo maana nilipofungua kinyozi, jina lilijileta lenyewe. Ukutani nimechora wimbi. Kastoma akiketi kwangu ananyolewa na kusimuliwa bahari kwa bei ileile moja.

Na kati ya wote niliowahi kusimulia, msikilizaji wangu wa kwanza ni Ciku. Tangu akiwa na miaka minne, kila jioni alitoka shuleni akapitia kinyozi, akaketi kwenye benchi, akasema, "Baba, endelea pale." Na mimi naendelea pale. Tangu hiyo safari yenu, wiki mbili zimepita, anapita mlangoni, ananipungia mkono na kwenda nyumbani moja kwa moja. Hilo ndilo lalamiko langu, Madam. Mengine yote ni njia ya kufika hapo. Lakini nimeambiwa malalamiko yasiyo na nambari hayasomwi na serikali wala shule, basi nayapanga.

1. KUHUSU FOMU. Ciku alileta fomu ya ruhusa siku ya Ijumaa. Niliisoma yote isipokuwa katikati. Juu iliandikwa kwamba Gredi ya Sita itazuru mlango wa Mto Sabaki, huko Pwani, ili wanafunzi wajionee mahali mto unapoingia baharini. Chini kulikuwa na mstari wa saini ya mzazi. Wakati huo nilikuwa na kastoma kwa kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu inangoja. Mzazi gani katika hali hiyo atasoma katikati? Nilisaini, tena kwa furaha, na nikaongeza nambari ya simu ambayo haikuitishwa.

Sasa naambiwa kwamba huko katikati ndiko kulikoandikwa kuwa safari itafanyika darasani, kwa kuvaa miwani ya kompyuta inayoonyesha mahali kana kwamba uko hapo, dakika arobaini, halafu maswali. Madam, jambo kubwa namna hiyo halifichwi katikati ya fomu. Linawekwa juu kabisa kwa wino mwekundu, na mzazi anapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya pole.

2. KUHUSU KUSINDIKIZWA. Wewe umelelewa kama mimi. Unajua mtoto wa mtu hatoki nyumbani kwenda mbali hivi hivi kama anaenda dukani. Nyakio, mke wangu, aliamka alfajiri akapika chapati kumi na tano, kuku mzima, mayai ya kuchemsha na maandazi ya kupoza roho njiani. Jirani yetu Mzee Gathogo alitoa sanduku lake, lile alilokuja nalo kutoka Nyeri miaka hiyo, na ambalo hajawahi kumwazima mtu hata wa kanisa. Ciku alipakwa mafuta mara mbili kwa sababu ya chumvi. Mimi mwenyewe nilimfunga mitungi miwili mitupu ya lita tano kiunoni, mmoja huku na mmoja huku, ili hata maji yakimchukua asizame kabla ya kupigiwa yowe.

Halafu tukaomba. Wapangaji wote wa ploti yetu walishikana mikono pale kwa kamba ya nguo. Mama Gathogo, mke wa Mzee, aliombea dereva, akaombea breki, akaombea kila gurudumu peke yake, akaombea ng'ombe wa njiani wapewe akili ya kukaa kando. Alipofika kwenye gurudumu la akiba alianza kulia, na sisi wote tukalia. Nauliza kwa nia safi kabisa: hayo maombi yalienda wapi, ikiwa gurudumu halikuwepo?

Watu kumi na mmoja tulimsindikiza hadi geti la shule. Basi hatukuliona, tukadhani liko nyuma ya jikoni likitiliwa maji. Watoto wengine niliwaona wamebeba vitabu tu, hata chupa ya maji hakuna, na nikawahurumia kwa kuzaliwa na wazazi wasiojua kusafirisha mtoto. Bawabu wako aliuliza kama Ciku anahama kwenda shule ya bweni. Nikamwambia, "Anaenda baharini, fungua geti lote." Akafungua lote. Hiyo nashukuru.

Saa sita na nusu mchana mtoto alirudi. Amebeba sanduku, mitungi bado iko kiunoni, kuku ameliwa na darasa zima. Alipita katikati ya watu walewale waliomlilia asubuhi, wengine macho hayajakauka. Mama Gathogo alipomwona alijua basi limeanguka na huyu ndiye amepona peke yake, akaanza maombi upya. Ilituchukua muda kumsimamisha.

3. KUHUSU MAAGIZO. Hapa ndipo jirani wanaponiuma. Mtu akienda mbali anarudi na kitu. Akienda Nakuru tu anarudi na mkate, sembuse Pwani. Kwa hivyo watu walikuwa wameagiza. Mzee Gathogo aliagiza maji ya bahari lita tano kwa ajili ya goti lake la kushoto, ambalo amelipeleka hospitali tatu. Nyakio aliagiza leso. Kipkoech, mkulima wa mahindi ninayemnyoa kila Jumamosi, aliagiza mabuyu, na akasema wazi yawe yale mekundu yanayochafua ulimi. Mimi sikutaka makuu, niliagiza mkebe mmoja wa mchanga niuweke dirishani kwa kinyozi, watu waone.

Mzee Gathogo alipokea mtungi mmoja wa ile ya kiunoni, akautikisa sikioni, akaugeuza juu chini, kisha akaniangalia mimi, wala si mtoto. Ciku kwa roho nzuri alimpa kitu pekee alichokuja nacho, ile karatasi ya maswali kuhusu mlango wa mto, nafasi kumi za kujaza. Mzee aliijaza jioni hiyo na kupata nne. Goti liko vilevile. Kipkoech hakupewa hata karatasi.

Nauliza tu, kama mtu asiye mtaalamu: hiyo miwani, kwa uwezo wake wote, haiwezi kutoa hata kikombe kimoja?

4. KUHUSU MSTARI. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome bila kucheka, hata kama Mwalimu Kipkirui wa sayansi yuko karibu na wewe.

Kwa miaka mingi nimesimulia hapa Pioneer jinsi mto unavyokutana na bahari. Nimesema kuna mstari. Umenyooka kama njia ya kinyozi katikati ya nywele. Upande huu maji matamu, upande ule chumvi, na hayagusani, kila mmoja anaheshimu mwenzake. Mtu anaweza kukunja suruali, akaweka mguu mmoja huku na mwingine kule, akahisi tofauti mpaka magotini. Mimi nilisimama hapo. Mto gani sikumbuki, mito ya huko haijitambulishi. Watu wazima wenye mashamba yao wamenisikiliza habari hii kitambaa kikiwa shingoni, nao wamesahau hata kuomba kioo.

Jumamosi baada ya safari, duka limejaa, Ciku ameleta chai. Kipkoech yuko kwa kiti, mashine iko kwa sikio lake, akamwambia mtoto, "Hebu tuambie basi, mstari uliuona?"

Ciku aliweka flaski chini. Akaeleza kwa upole, vile mnavyomfundisha. Mstari hakuna. Maji ya mto ni mepesi, yanapita juu. Maji ya chumvi ni mazito, yanaingia kwa chini kama mtu anayepita nyuma ya nyumba. Halafu yanachanganyika polepole, mpaka mtu hawezi kusema ni wapi hasa utamu uliishia. Bahari ikijaa, chumvi inapanda mto. Ikipwa, inarudi. Kuna matope, kuna mikoko imesimama kwa mizizi kama kuku anayeogopa umande, kuna samaki wadogo wanaolelewa hapo kwanza kabla ya kuingia baharini, kama vile shule ya nasari. Mpaka viboko wako. Na ule udongo mwekundu unaobebwa na mto kutoka mbali unatia maji rangi ya chai, hadi ndani kabisa baharini.

Kisha Kipkoech akauliza, "Sasa fundi, mguu mmoja uliuweka wapi?" Wakacheka mpaka mmoja wao akatoka nje kushika mti. Mimi nikaendelea kunyoa. Ndevu za Kipkoech za upande wa kushoto zilitoka zote kwa bahati mbaya, na za kulia nikazitoa kwa haki.

Tangu siku hiyo naitwa Fundi Mstari. Mpaka vijana wa boda boda wanapopita hupunguza mwendo walitaje jina hilo vizuri. Hayo nayavumilia, mimi ni mtu mzima. Lakini Ciku alipoona nimeinamia mashine alikuja karibu, akaninong'oneza kwamba labda nilienda siku ambayo mstari ulikuwepo. Alinihurumia, Madam. Mtoto niliyemfundisha kufunga viatu. Afadhali angecheka na wale wengine.

5. KUHUSU TABIA HII KUSAMBAA. Mlidhani mmefanya kosa dogo la darasani, lakini limeshatoka nje ya geti. Shemeji yangu Wachira, anayekaa mtaa wa West Indies hapa hapa Eldoret, alikuwa ameahidi kuja kunisaidia kupaka kinyozi rangi. Sasa anasema kama watoto wanaweza kufika Sabaki bila kutoka Eldoret, yeye atapaka kwa simu, nimwonyeshe ukuta na atanielekeza. Kipkoech anatakiwa ukweni kule Kapsabet kwa mazungumzo mazito, na ameniuliza kwa siri kama ile miwani inaazimwa. Kwaya yetu ina mtu wa sauti ya nne ambaye amesema ataimba akiwa kitandani. Na Nyakio, ambaye hajawahi kunijibu vibaya mbele ya watu, juzi nilipouliza chakula alinionyesha picha ya githeri kwa simu, akasema nitazame polepole, nisije nikavimbiwa.

Tukiendelea hivi tutafika wapi? Nikifa, Madam, Pioneer nzima itanizika kwa miwani. Watalia vizuri sana, kila mtu kwa kiti chake, wavue miwani waende wakanywe chai. Na mimi nitabaki pale juu ya ardhi nikingoja mtu mmoja wa kushika jembe.

6. KUHUSU NINACHOTAKA. Mimi si mtu wa kulalamika bila kuleta dawa, kwa hivyo nimefikiria.

Kwanza, Gredi ya Sita ipelekwe Sabaki kwa basi, basi lenyewe, lenye magurudumu yaliyoombewa. Mimi nitakuwa kiongozi wa msafara. Nitaketi mbele na dereva kwa sababu barabara naijua, na tukifika nitakunja suruali niwaonyeshe watoto mambo ambayo miwani haikupata nafasi ya kuyaona.

Kama basi ni gumu, basi tulete mlango wa mto hapa Eldoret. Mto Sosiani tunao tayari. Tunachokosa ni bahari tu. Nimezungumza na Kipkoech, ambaye bado hana ndevu lakini ana trekta, na yuko tayari kuchimba mtaro nyuma ya ofisi ya walimu. Magunia mawili ya chumvi tutayapata. Kujaa na kupwa tutafanya kwa ndoo, wavulana asubuhi, wasichana jioni. Mikoko tutatumia miti ya ua wa shule, tukifukua mizizi kidogo ili isimame juu. Kwa upande wa kiboko, Mzee Gathogo ana ng'ombe ambaye kwa umbo na kwa hasira hawapishani sana.

Na kama hata hilo litashindikana, nina ombi moja la mwisho, nalo ni dogo kabisa. Irekebisheni miwani. Yule msichana wa chuo kutoka Chepkoilel aliyeileta, Vivian, nasikia ndiye anayejua kuiendesha, na kwa maelezo ya Ciku ni mtu wa huruma. Mwambieni aingie huko ndani achore mstari. Mmoja tu. Usiwe mnene, ila uonekane. Na juu ya huo mstari asimamishe mwanamume wa makamo, suruali imekunjwa, mguu mmoja huku na mwingine kule, ametulia, anaangalia mbali. Darasa livae tena dakika tano tu, Ciku akiwa wa kwanza. Naambatisha picha yangu ya paspoti kwa ajili ya uso. Hiyo ya masharubu ni ya zamani, lakini ndiyo iliyotoka vizuri.

Nikipata mojawapo ya haya matatu nitasema yameisha. Nisipopata, nitaandikia Wizara, na nikiwaandikia hao nitatumia nambari za Kirumi.

Nisalimie Mwalimu Kipkirui, mwambie sina kinyongo naye, ila nywele za shingoni zimemzidi na apite. Nisalimie mpishi wenu aliyepasha kuku moto. Nisalimie bawabu, anajua kufungua geti. Nisalimie walimu wote, wale wa zamu na wale wanaojificha zamu, na watoto wa Gredi ya Sita ambao walisema kuku wa Nyakio ni mtamu. Jirani zangu wote wanakusalimu pia, isipokuwa goti la Mzee Gathogo.

Ni mimi ninayekuheshimu hata nikiwa na hasira,

Ephantus Wanjohi,
Mwenye Kinyozi na Msafiri.

Tanbihi: Madam, kama hujasoma huko juu, usisome.

Barua nilipoimaliza nilimpa Ciku anirekebishie maneno, maana yeye ndiye msomi wa nyumba. Alirekebisha yote. Kisha akaketi kando yangu, mara ya kwanza tangu safari, akatoa daftari. Mwalimu Kipkirui amewapa insha kuhusu mlango wa mto, ikusanywe Jumanne. Ameandika alichoona na alichosikia, vizuri sana. Lakini pale katikati ameacha mistari minne mitupu. Amesema miwani haikuwa na harufu, na darasa zima limekwama hapo, ila yeye hana wasiwasi, kwa sababu babake alifika. Akashika kalamu akasema, "Baba, endelea pale."

Nikasema, inanuka samaki. Akasema hiyo ni harufu ya soko. Nikasema, chumvi. Akaenda jikoni akanusa mkebe wa chumvi, akarudi akaniangalia tu.

Madam, lori liliharibika Mariakani. Tulikaa hapo siku nne, na kila mtu alituambia bahari iko mbele kidogo tu. Siku ya tano mwenye lori akatutumia lingine, mahindi yakaenda nalo, sisi tukarudishwa. Hiyo ndiyo Mombasa yangu yote.

Kwa hivyo basi liache, trekta liache, na miwani isiguswe hata kidogo, iko sawa kabisa. Picha nirudishie. Nimemwambia Ciku harufu kubwa namna ile haisimuliwi kwa haraka, anipe mpaka Jumatatu jioni, na amekubali. Barua hii ataileta yeye, nimeifunga kwa gundi. Ikiwa kuna mwalimu yeyote hapo, au mpishi, au mtu anayepita tu, ambaye amewahi kusimama mahali mto unapoingia baharini na akavuta pumzi, tafadhali aniandikie nyuma ya karatasi hii, maneno machache, kisha uifunge tena usimwonyeshe mtoto.

Nami pia ningependa kujua.